Kituo cha Mizani Hakikatiki Tena

Ofisini walimwita Bwana Baridi, na hawakumwita hivyo kwa ubaya. Chumba cha mitambo alimofanya kazi kilikuwa cha baridi mwaka mzima, maana mashine hazipendi joto, naye aliingia humo asubuhi na sweta la kijivu lililotoboka viwiko, akatoka nalo jioni, hata siku ambazo watu nje walijipepea kwa magazeti. Mgeni akiuliza kwa nini mtu mzima yule amevaa sweta juani, alijibiwa kwamba huyo ndiye fundi wa mtandao, ukisumbua ndiye wa kumwona. Usiposumbua, hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwona. Ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Mpishi akipika vizuri husifiwa, fundi wa mtandao akifanya kazi vizuri husahaulika.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee ameolewa mbali. Kila Jumapili binti alimtumia ujumbe wa sauti ulioanza na "Shikamoo baba" na kuishia na mtoto analia nyuma. Bwana Baridi aliusikiliza mara mbili, kisha akajibu kwa maandishi: "Marahaba mwanangu, mimi mzima." Hakupenda kujibu kwa sauti kwa sababu sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza kwa kukosa matumizi, na hakutaka binti aisikie akaanza maswali. Mkate mzima ulimshinda kuumaliza, na nusu mkate aliona haya kuuagiza dukani mbele za watu. Basi kila wiki alitupa vipande vilivyoota ukungu, akanunua mkate mzima mwingine.

Mtu mmoja tu ndiye aliyezungumza naye kila siku ya kazi, naye alikuwa hajawahi kumtia machoni. Huyo alikuwa Mama Mizani.

Mama Mizani alikuwa karani wa mizani ya malori ya kampuni, huko mbali kwenye njia kuu, ambako malori ya saruji na nafaka hupimwa yakiingia na yakitoka. Alikaa peke yake katika kibanda chenye dirisha moja, kompyuta moja na simu ya mezani, mbele yake bamba refu la chuma ambalo lori hupanda na kusimama. Lori likisimama, yeye huandika uzito kwenye kompyuta, na uzito ule husafiri mpaka kwenye mashine kuu iliyokuwa ubavuni mwa Bwana Baridi, katika chumba chake cha baridi. Kuna saa malori yalikuja yamefuatana kama siafu. Kuna saa njia ilikuwa nyeupe na hakuna kilichopita isipokuwa upepo. Matatizo yote yalizaliwa katika saa hizo za kimya.

Ukweli ni kwamba kati ya kibanda kile na makao makuu palikuwa na mashine ya ulinzi, kama bawabu mlangoni. Bawabu huyo alikuwa na tabia moja mbaya. Mazungumzo yakinyamaza kwa saa nzima, aliyafuta katika kumbukumbu zake, wala hakumwambia mtu. Kule kibandani kioo kilibaki vilevile, kana kwamba mambo ni shwari. Huku makao makuu, mashine kuu iliendelea kuamini kwamba Mama Mizani yupo kazini ndani yake. Lori likaja, mama akaandika, herufi zikagoma kutokea. Akifunga na kujaribu kuingia upya, mashine kuu ilimkatalia, ikimwambia kituo cha mizani tayari kina mtu ndani. Mtu mwenyewe ni yeye! Ilibidi Bwana Baridi amtoe kwanza yule Mama Mizani wa zamani, aliyebaki humo kama kivuli, ndipo aliye hai aingie.

Kwa hiyo simu ililia.

"Fundi, nimekatika."

"Tena, dada?"

"Tena. Na hapa nina dereva ananitazama kama nimemla mtoto wake."

Bwana Baridi alibonyeza vitufe vyake, akamwondoa yule wa zamani, akasema maneno aliyoyasema kila mara: "Jaribu sasa." Wakati mashine inafunguka kwa kujivuta, kwa sababu ilikuwa mashine ya kizamani, wao walikuwa na nafasi ya kuongea. Mama Mizani alimsimulia kuhusu dereva aliyepanda mizani na mke mdogo akashuka amenuniwa na mke mkubwa kwa simu. Alimsimulia kuhusu paka aliyezoea kulala katikati ya bamba la chuma.

"Nilimpima jana," akasema. "Mizani haikusogea hata kidogo. Kwake yeye kitu chepesi hivyo hakipo. Nikamwambia paka, karibu chamani kwetu sisi tusioonekana."

Bwana Baridi alicheka mpaka mlio wa mashine ya kupoza hewa ukafunikwa. Mama Mizani naye aliuliza maswali ambayo hakuna mwingine aliyemuuliza. Umekula? Binti hajambo? Hicho kikohozi umekipeleka hospitali au umekifuga? Akijibiwa kwa uongo alijua, na alisema kwamba amejua. Kisha kompyuta ilifunguka, dereva akapiga honi, na wakaagana mpaka kukatika kwingine.

Sasa hapa lazima nimseme mtu huyu, ingawa nampenda. Dawa ya ugonjwa ule ilikuwepo, na yeye aliijua kama anavyojua njia ya kwake.

Mashine kuu ina saa yake ya kujulia hali. Kimya kikizidi, humuuliza mwenzake wa upande wa pili kwa ishara ndogo isiyoonekana na mtu: upo? Mashine ya upande ule hujibu: nipo. Salamu hiyo tu inamtosha bawabu ajue kwamba mazungumzo bado yana wenyewe. Tatizo ni kwamba saa hiyo ilikuja kutoka kiwandani ikiwa imepangwa iulize baada ya kimya cha saa mbili, na bawabu alisahau baada ya saa moja. Ni sawa na kwenda kumjulia hali mgonjwa wakati matanga yamekwisha. Dawa yake ni kushusha tarakimu moja, mashine iulize mapema, kabla bawabu hajasahau. Vituo vingine vyote Bwana Baridi alikuwa amevishushia siku nyingi. Cha mizani kilimpita mwanzoni kwa bahati mbaya, kwa kuwa kilitumia mashine yake ya kizamani peke yake. Alipogundua, alifungua faili, akaweka kidole juu ya kitufe, na simu ikalia: "Fundi, nimekatika." Waliongea siku hiyo kuhusu namna ya kumtuliza mjukuu anayeota meno. Alipokata simu, alifunga faili bila kugusa kitu.

"Nitaangalia tatizo, dada," alimwambia kila alipoulizwa. Naye aliangalia kweli. Aliliangalia tu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na yeye alivutia kwake kwa kuacha mambo yalivyo.

Angeendelea hivyo hadi kustaafu kama si Meneja wa usafirishaji, mtu mfupi mwenye haraka, aliyeingia siku moja katika chumba cha mitambo akisugua mikono kwa baridi. Alikuwa ametoka kwenye kikao. Malori yalikuwa yamejipanga barabarani asubuhi hiyo mpaka askari wa barabarani wakaja kulalamika.

"Yule mama wa mizani ana matatizo gani na kompyuta?" akauliza. "Kila mara anasema imekatika. Vituo vingine havikatiki. Mimi nadhani anaichezea, au uzee umemfikia. Nimempa onyo mbele ya madereva. Akirudia, namtoa pale, nitamrudisha ghalani akahesabu magunia."

Bwana Baridi alifungua mdomo. Alitakiwa kusema: si yeye, ni mimi. "Nitaangalia," akasema, na Meneja akatoka akishukuru kwamba kuna joto duniani.

Mama Mizani alipiga mchana huo. Sauti yake ilikuwa chini.

"Fundi, nimekatika," akasema, na hakuongeza neno kuhusu dereva wala paka.

"Jaribu sasa, dada."

"Imefunguka. Ahsante." Akakata.

Aibu ilimshika Bwana Baridi kwelikweli. Mwanamke mtu mzima, mwenye wajukuu, ameitwa mzembe mbele ya vijana wa magari kwa sababu kuna mtu hapa anapenda kusikia sauti yake. Alifungua faili mchana uleule. Alishusha saa ya kuuliza ikawa dakika chache. Kisha, kwa kuwa laini ya kule ilikuwa dhaifu na mvua ikinyesha huyumba, akaongeza na idadi ya mara ambazo mashine itauliza bila kujibiwa kabla ya kukata tamaa. Vituo vingine alivipa subira ya kawaida. Cha mizani alikipa subira ya mama mzazi. Akaketi kukitazama. Saa ya kimya ikapita, bawabu akapita na ufagio wake, na mstari wa kituo cha mizani ukabaki pale pale kwenye kioo, wa kijani, na pembeni yake neno moja: umeunganishwa. Kwa fundi hiyo ni raha ya pekee. Raha hiyo ilidumu mpaka alipoitazama simu.

Kesho yake alipigiwa, karibu na saa ya kufunga.

"Fundi, leo sijakatika hata mara moja."

"Nimerekebisha, dada."

"Kumbe ilikuwa inarekebishika," akasema Mama Mizani. Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa heri. "Haya. Ahsante, fundi. Na mimi siku zangu hapa si nyingi, angalau nizimalize bila kupigiwa honi."

Bwana Baridi aliyachukua maneno ya mwisho kama mzaha wa watu wazima, maana nani asiyesema siku zake si nyingi? Yaliyomkaa kifuani ni yale ya kwanza. Amejua, alijiambia. Amejua kwamba nilikuwa nayo dawa na nikamnyima, na sasa ameninunia.

Simu haikulia tena.

Mwanzoni alijipa moyo kwa kile kioo. Kila asubuhi, kabla hajaning'iniza mfuko wake msumarini, aliutafuta mstari wa mizani. Wa kijani. Umeunganishwa. Alijisikia kama amepokea salamu. Mchana, wenzake walipotoka kwenda kula, alikaa na kipande chake cha mkate akatazama salamu zile ndogo zikienda na kurudi: upo, nipo, upo, nipo. Mstari haukukatika hata mvua kubwa ilipopiga siku mbili mfululizo na nusu ya vituo vingine vikaanguka. Alijivunia kidogo, akakosa wa kumwambia. Aliwahi kuinua mkono wa simu, akausikiliza ule mlio wake wa kungoja, akaurudisha. Angesema nini? Fundi hupiga simu kitu kikiharibika, na hapo hakukuwa na kilichoharibika. Tena mama mwenyewe yupo, mashine inasema yupo, na angetaka kuongea angeongea. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini wapo watu walio radhi kufa wajinga kuliko kuuliza, na mmoja wao alivaa sweta la kijivu.

Wiki zikapita hivyo. Kikohozi kikarudi. Kuna siku alifika nyumbani, akawasha runinga, akatambua kwamba tangu asubuhi neno pekee alilotamka ni "samahani," kwa mtu aliyemkanyaga mlangoni. Binti alituma ujumbe wa sauti wa Jumapili, na safari hii aliusikiliza mara nne, kile kilio cha mtoto mpaka mwisho.

Halafu asubuhi moja simu ya mezani ikalia, na namba ilikuwa ya kibanda cha mizani. Bwana Baridi alilisafisha koo kwanza. Aliinua akiwa ameshajiandaa kuomba radhi.

"Dada," akasema.

"Hapana, mzee, shikamoo," ilijibu sauti nzito ya mwanamume. "Mimi ni karani mpya wa mizani. Tumefungua leo. Najaribu kuingia kwa jina langu, inaniambia kituo kina mtu ndani."

Bwana Baridi akatazama kioo. Mstari wa kijani. Umeunganishwa. "Mbona yuko ndani," akasema. "Mama Mizani. Yuko ndani, namwona."

"Hapa niko peke yangu, mzee."

Ndipo alipoelezwa, polepole, kama anavyoelezwa mtu aliyetoka safari. Bamba la chuma lilikuwa limepinda, mizani ikafungwa kufanyiwa matengenezo, malori yakapelekwa kupimwa kwingine. Siku ile ya kufunga ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya Mama Mizani kazini. Amestaafu. Walimkatia keki pale pale kibandani, Meneja akatoa hotuba fupi, madereva wakapiga honi za kumuaga. Tangazo lilikuwa limebandikwa makao makuu, ubao wa chini, pale watu wanapopita kwenda kula. Bwana Baridi alikula chumbani mwake. Kompyuta ya kibandani iliachwa ikiwaka na kufunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi la mafundi wa bamba, na muda wote huo, kila ilipoulizwa upo, ilijibu nipo. Haikudanganya. Yenyewe ilikuwepo.

"Kwa hiyo nimtoe," akasema Bwana Baridi.

"Ukimtoa ndiyo mimi niingie, mzee. Lori lishapanda."

Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi mno maishani, vidole vilijua vyenyewe. Safari hii vilisita. Alibonyeza. Mstari wa kijani ukafutika, nafasi yake ikabaki tupu, akaona jinsi vumbi lilivyokaa kwenye kioo.

"Jaribu sasa," akasema.

"Imekubali. Ahsante, mzee." Karani mpya hakukata. "Samahani, una jambo lingine la kuniuliza?"

"Jambo gani?"

"Sijui. Lolote."

Bwana Baridi alilifuta vumbi la kioo kwa mkono wa sweta. Kisha akasema, na sauti ikamkwaruza: "Namba yake ya simu unayo?"

"Ninayo," akasema karani, akacheka kwa kupumua, kama mtu aliyetua mzigo. "Mama aliniachia. Alisema fundi akiomba nimpe, asipoomba nisimpe."

Bwana Baridi aliandika namba, akazima mashine ya kupoza hewa, jambo ambalo haliruhusiwi, ili asikie vizuri. Simu iliita kwa muda. Upande wa pili ikapokelewa, na kabla hajasema yeye ni nani, Mama Mizani, aliyeijua namba ile ya ofisi, akasema:

"Umenikata?"

"Nimekukata sasa hivi, dada."

"Sasa hivi!" Kulikuwa na sufuria inafunikwa huko nyuma. "Mimi niliondoka bila kutoka kwenye mashine, makusudi. Nikajua bwana huyu ataniona nimeganda humo kama kawaida, atanitoa, na akinitoa lazima apige aseme jaribu sasa. Nikahesabu siku mbili, tatu. Nimebeba simu mpaka bafuni. Mwanangu akaniuliza, mama, unangoja mchumba?"

Bwana Baridi alitaka kucheka, ikashindikana. "Niliiwekea subira nyingi," akasema. "Kwa ajili yako. Isikukate tena. Kila nikiiuliza inaniambia upo."

"Uliuliza mashine," akasema Mama Mizani. "Mimi hukuniuliza."

Joto lilianza kupanda chumbani na taa moja ya onyo ikaanza kumeta, naye hakuinuka.

"Na ile dawa," akasema mwishowe. "Nilikuwa nayo tangu zamani. Nilijua. Nilikuacha ukatike kwa sababu ungepiga. Mpaka ukapewa onyo. Nisamehe."

"Najua. Nilikasirika wiki nzima." Mwiko ukagonga sufuria. "Kisha nikaona kwamba na mimi sikuwahi kumwambia Meneja alete fundi mwingine."

Nyumba ya huko ilikuwa kimya, hakuna mtoto, hakuna redio, na Bwana Baridi, ambaye kimya cha nyumba alikijua vizuri, alikitambua.

"Wanakuacha peke yako mchana?" akauliza.

"Wajukuu wako shule, wakubwa wako kazini. Wanarudi jioni wamechoka." Sauti ikashuka. "Umekula, fundi?"

Alitazama kipande cha mkate juu ya meza, kilichoanza kuota kijani pembeni. "Sijala," akasema, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakudanganya.

"Basi kale, kisha unipigie. Lakini unisikilize vizuri. Usingoje kitu kiharibike."

Bwana Baridi alisema sawa. Akaiwasha mashine ya kupoza hewa, akavua sweta, akatoka kwenda kutafuta chakula penye watu.